Mama Clémentine na Nimero Elfu Tano na Makumi Ine

Kama unataka kujua kikwembe cha nani kimeanza kupasuka nyuma, uliza Mama Clémentine. Hapa Shituru hakuna mutu anayejua migongo ya wanawake kama yeye. Miaka yote tuliyotembea pamoja kanisani yeye alikuwa wa mwisho, na mutu wa mwisho kazi yake ni kutazama migongo.

Tuko wanawake saba. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, shirika letu njo linapeleka matoleo kwa altare. Hatutembei kama watu wanaokwenda sokoni. Tunacheza, hatua mbili mbele, moja nyuma, korali inaimba, ngoma inalia, na kila mama amebeba kitu chake. Wa mbele anabeba mukate na divai. Wanaomufuata wanabeba unga, ndizi, chumvi, mafuta na makala. Wa mwisho anabeba kuku. Kuku muzima, mwenye kucha na hasira zake.

Wa mbele ni minye, Angèle. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni vile.

Vijana wa leo wanauliza: nani aliwapanga? Posho njo ilitupanga. Zamani kampuni ya shaba ilikuwa inagawia wafanyakazi unga, maharagi na samaki kavu, na wanawake tulisimama mulongo mbele ya magazini, ghala ya kampuni, kufuata nimero ya kazi ya bwana zetu. Mwenye bwana yake aliandikwa kazi kwanza, alipokea kwanza. Mwenye bwana yake aliandikwa nyuma, alipokea wakati gunia limebaki vumbi. Bwana yangu Édouard alikuwa mwalimu wa hesabu kwenye shule ya kambi, na nimero yake ilikuwa ndogo kuliko ya mabwana wote wa mustari wetu wa nyumba. Basi nilikuwa mbele. Posho ikaisha, magazini ikafungwa, mabwana wengine wakafa, lakini mulongo ukabaki. Tulipoanza kupeleka matoleo hakuna aliyesema neno: kila mama alijiweka mahali pake. Hata kwenye bomba la maji tunasimama vile. Hata kwenye matanga tunakaa vile.

Na Clémentine wa mwisho, kwa sababu ya Georges.

Clémentine alizaliwa Kapolowe, karibu na misioni, na mama yake alikuwa anakausha samaki na kuuza. Georges wakati ule alikuwa anavunja mawe Kakontwe. Alikuwa kijana, lakini vumbi la chokaa lilimufanya nywele nyeupe, nyusi nyeupe, hata kope nyeupe. Siku alipofika Kapolowe kununua samaki, Clémentine alifikiri ni muzee. Akapiga magoti, akapiga makofi pole pole, akamusalimu kama tunavyosalimu wazee. Georges hakumukatalia. Aliitikia kwa sauti nzito, akauliza habari za nyumbani, akakohoa hata kidogo. Halafu akaenda kuoga, akarudi kumuposa. Mpaka leo Clémentine anasema: “Minye nilipiga magoti mbele ya muzee, nikaolewa na mutoto.”

Kisha Georges akapata kazi kwenye kiwanda cha shaba hapa Shituru, lakini alikuwa wa mwisho kuandikwa katika mustari wetu. Laure, jirani yao, bwana yake alimutangulia kwa siku chache tu, na hizo siku chache Laure alizitembeza maisha yake yote kama mutu anayetembeza kofia mupya.

Clémentine hakukaa mikono mitupu. Alikuwa anakwenda Kapolowe na kurudi na samaki, anawauza mulango kwa mulango, na kicheko chake kilitangulia kapu lake. Ukisikia mutu anacheka kwenye barabara ya reli, ulijua leo kuna samaki. Alizaa, alilea, alizika Georges, akaendelea na samaki. Minye na yeye tumegombana juu ya ukuta, juu ya bata, juu ya maji ya mvua yenye kupita kwake na kuingia kwangu. Lakini siku malaria iliponilaza, yeye njo alinipikia uji. Aliupika bila chumvi kwa makusudi. Alisema: “Yaya akikasirika, anapona.” Nilikasirika, nikapona.

Ananiita yaya, dada mukubwa. Na dada mukubwa anatembea mbele. Kwangu maneno yalikuwa yamekwisha hapo.

Lakini mwaka uliopita, Jumapili moja, kuku aliponyoka.

Minye nilikuwa nimekwisha kumupa padri mukate. Nikasikia korali inavunjika katikati ya wimbo. Kugeuka, naona kuku juu ya kiti cha mupiga kinanda, na Clémentine yuko chini ya benchi, magoti na mikono, anamutafuta upande ambao kuku hayuko. Kanisa lote likacheka. Padri Jimmy, yeye ni padri kijana, alifunika uso na kitabu cha misa, lakini mabega yake yalikuwa yanaruka. Clémentine alitoka chini ya benchi na kitambaa cha kichwa kimekwenda. Hakucheka. Kwa mara ya kwanza tangu nimujue, kitu cha kuchekesha kilimupita.

Kiisha misa tunakusanyikaga kwangu, kunywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Siku ile Clémentine hakukaa. Alisimama katikati ya kiwanja.

“Minye naenda Lubumbashi,” akasema. “Kwa Cédrick. Chumba iko tayari, ananiita kila siku. Kule hakuna mutu anajua nimero ya Georges.”

Cédrick ni mutoto wake wa kiume, dereva wa lori.

“Enda,” nikamwambia. “Lubumbashi migongo iko pia.”

“Yaya, weye unaona altare. Minye tangu zamani naona matako ya Laure.”

“Matako yangu iko na kosa gani?” Laure akauliza.

“Haina kosa. Iko tu kubwa.”

Wamama wakacheka, lakini yeye alikuwa na machozi. “Kama tunacheza kwa ajili ya Mungu,” akasema, “Mungu alisha kuandikwa kazi na kampuni? Anauliza nimero ya mabwana?”

Padri Jimmy alikuwa anapita, munkoyo ikamuvuta. Akasikiliza, akasema tupige kura. Nikakataa: kura ni ya kugawia nyama. Laure akasema tugeuze mulongo, wa mwisho awe wa kwanza, Injili imesema vile. Nikamuuliza kama yeye, wa sita, Injili itamufikisha wapi. Akahesabu na vidole: wa pili. Nikasema, “Kumbe!”

“Basi tutembee namna yote!” Clémentine akapiga kelele. “Kila namna ya kupangana, mara moja moja, hakuna kurudilia, mpaka kila mama apite kila mahali. Hapo njo nitabaki. Bila vile, kesho nafunga mizigo.”

“Namna yote ni ngapi?” nikauliza. “Saba?”

“Makumi ine na tisa,” Laure akasema. “Saba mara saba.”

Tukasikia mutu anacheka kwenye kivuli cha nyumba. Ni Édouard wangu. Muzee huyu amestaafu siku nyingi, lakini mutie nimero mbele yake anakuwa kama mutoto mwenye kuona muwa. Akaja na vikombe vya munkoyo, akavipanga chini.

“Vikombe viwili,” akasema, “namna mbili. Hiki mbele ao kile mbele. Leteni cha tatu. Kitaingia wapi? Mbele, katikati, nyuma. Nafasi tatu kwa kila namna ya zile mbili. Mbili mara tatu?”

“Sita,” akasema padri.

“Aksanti, padri. Cha ine kinapata nafasi ine: makumi mbili na ine. Cha tano: mia moja na makumi mbili. Cha sita: mia saba na makumi mbili.” Akashika kikombe cha saba, akakiinua juu kama padri anavyoinua kikombe chake. “Na mama wa saba akiingia: elfu tano na makumi ine.”

Laure akajishika kifua.

Édouard sasa hakuna aliyeweza kumuzuia. Alisema hii nimero ni nzuri kuliko nyingi alizofundisha. Ukizidisha moja, mbili, tatu, mpaka saba, unaipata. Ukiacha zile ndogo, ukazidisha saba, munane, tisa na kumi tu, unaipata tena, ileile, bila kupunguza wala kuongeza. Ukiigawanya kwa mbili, kwa tatu, kwa ine, mpaka kumi, inagawanyika sawa sawa, hakuna kinachobaki chini. “Hata kwa kumi na mbili inakubali,” akasema. “Kumi na moja peke yake njo inakataa. Hapo unaweza kuipiga, haisikii.”

“Kama yaya, mama yako ya nyumba,” Clémentine akasema. Na hapo akacheka kidogo.

Minye ile nimero nikaipenda. Kitu chenye kukubali wote na kukataa mumoja, hicho kina kichwa.

“Muone haki yake,” Édouard akaendelea. “Kila mama atakuwa mbele mara mia saba na makumi mbili. Kila mama atakuwa nyuma mara ileile. Na kamateni wawili munaotaka. Angèle na Clémentine. Katika nusu ya namna zote, Angèle atakuwa mbele ya Clémentine. Katika nusu ingine, Clémentine atakuwa mbele ya Angèle. Hata moja haizidi.”

“Na nani atakumbuka tulipita namna gani?” nikauliza. “Elfu tano! Minye nasahau hata mahali niliweka kijiko.”

“Hakuna kukumbuka mengi. Kila mwezi wamama wawili tu wanabadilishana nafasi, wawili wenye kufuatana. Nitawaambia ni nani na nani. Nimewafundisha watoto muchezo huu na vizibo vya chupa. Hakuna namna itarudi mpaka zote zipite.”

Hapo njo nikauliza ulizo langu. Nilifikiri ni ulizo la mutu mwenye akili.

“Itakwisha lini?”

Édouard akafunga macho. “Mara kumi na mbili kwa mwaka… Miaka mia ine na makumi mbili. Kamili. Hata mwezi moja haubaki.”

Padri Jimmy akasema, “Minye hapo nitakuwa nimehamishwa parokia.”

Nikafikiri: minye nimepita miaka makumi saba. Miaka mia ine! Clémentine na haki yake watatembea pole pole kama gari la moshi lenye kuvuta mawe, na kabla wanifikie, minye nitakuwa mbinguni zamani, na huko mulongo unapangwa namna ingine. Nikasimama, nikajipangusa kikwembe.

“Nakubali,” nikasema. “Mbele ya padri. Kila namna, mara moja moja. Na neno la Angèle likitoka halirudi kinywani.”

Wamama wote wakanitazama. Clémentine alinitazama kuliko wote. “Yaya, kweli?”

“Nimesema.”

Akakaa chini, akaomba munkoyo. Akasema atamwambia Cédrick angoje, aone kwanza.

Mwezi wa kwanza tulitembea kama zamani, kwa kuwa na hiyo ni namna moja, inahesabiwa. Mwezi wa pili Édouard akasema Clémentine na Laure wabadilishane. Laure akapokea kuku kama mutu anayepokea habari ya kifo. Minye nikacheka mbele kule, peke yangu. Mwezi wa tatu wakabadilishana tena wawili, wa ine vilevile. Sikuuliza nani. Mutu wa mbele hatazami nyuma, si adabu.

Mwezi wa tano tunaingia, ngoma inaanza, nikasikia sauti ya Clémentine inaimba. Sauti yake naijua. Ya siku zote inatoka mbali, karibu na mulango. Siku ile ilikuwa karibu na shingo yangu. Nikageuza jicho kidogo. Mutu mumoja tu njo alikuwa katikati yetu. Clémentine amebeba ndizi, anacheza, ananitolea meno.

Nilimaliza misa vile nilivyomaliza, sijui. Nikarudi nyumbani, nikasimama mbele ya kiti cha Édouard.

“Weye ulisema miaka mia ine!”

“Mia ine na makumi mbili. Kumaliza.”

“Na Clémentine anafika mbele lini?”

“Mwezi wa saba.”

“Wa mwaka gani?”

“Wa mwaka huu, mama. Amebakisha hatua mbili.”

Nikatafuta mahali pa kukaa. “Juu ya nini hukuniambia?”

“Uliuliza mwisho. Hukuuliza Clémentine.” Na muzee akaanza kucheka, anajaribu kuficha na kikohozi. “Kila mwezi yeye njo anapita mumoja. Wa pembeni njo anaanza safari, anapita wote mpaka pembe ingine. Muchezo uko vile.”

“Ungeanzia mutu mwingine!”

“Pembe ziko mbili tu. Ningeanzia ingine, weye njo ungeanza safari, kurudi nyuma. Mwezi wa saba ungekuwa umebeba kuku.”

Nilimupa bukari, ugali mutupu bila mboga.

Lakini kichwa changu hakikulala. Nikafikiri: tukileta mama wa munane, hesabu itavunjika. Nikamuuliza Édouard kwa mbali, kama mutu mwenye kuuliza habari ya mvua. Akasema tukiwa wanane nimero inakuwa elfu makumi ine mia tatu na makumi mbili, na yule wa munane, kwa kuwa ni wa pembeni, njo angeanza safari, na Clémentine angesimama palepale miezi mingi. Sikungoja amalize. Nikaenda kwa Mama Christiane, mwenye amehamia karibu na reli, nikamusifia shirika letu, nyimbo zetu, vikwembe vyetu. Alifurahi sana.

“Na minye nitabeba nini?” akauliza.

“Kitu kidogo.”

“Kitu gani?”

“Kuku.”

“Ile yenye ilipanda juu ya kinanda?” Akanirudisha mpaka kwenye barabara, kwa heshima yote, akanipungia mukono.

Mwezi wa sita Clémentine alikuwa nyuma yangu, pumzi yake kwenye kitambaa changu. Jumamosi ya kuelekea mwezi wa saba, akaja kwangu mwenyewe. Nilikuwa nachambua muchele. Akakaa, akachukua upande wa ungo, akachambua pamoja na minye bila kuombwa.

“Yaya,” akasema, “watu wanasema weye unateswa na mambo ya kesho.”

“Watu gani?”

“Christiane.”

“Christiane ana mudomo.”

“Kama unataka tuache, sema. Hatutagombana. Minye nitaenda tu Lubumbashi, Cédrick anakuja kiisha mwezi wa munane, gari iko yake.”

Nikaweka ungo chini. Nasema kweli, nafasi yangu niliipenda. Lakini niliapa mbele ya padri, na wamama sita, na bwana yangu, na kama Angèle anaweza kurudisha neno kama mutu anayerudisha sahani, basi kutembea mbele kuna maana gani?

“Unanizania nani?” nikamwambia. “Kesho utatangulia, na utatangulia vizuri. Ukinitia haya na hatua zako za mwisho, nitakukanyaga kisigino.”

“Hatua za mwisho ni gani?”

“Zile zenye kungoja wengine.”

Na kweli, hicho njo kilitokea. Jumapili, ngoma ikaanza, korali ikaanza, mulango wa kanisa uko wazi, Clémentine amebeba mukate na divai, na hakuna mutu anatembea. Amesimama. Maisha yake yote alikuwa anaondoka wakati mugongo wa mbele unaondoka. Sasa hakuna mugongo.

Nikamusukuma na kiwiko. “Enda!”

“Niende na nani?”

“Na weye mwenyewe! Weye njo wa mbele!”

Akacheka. Kile kicheko cha samaki, cha barabara ya reli, ndani ya kanisa, juu ya ngoma na yote. Watu wakageuka, nao wakacheka pamoja naye. Halafu akaenda. Mungu wangu, jinsi alivyokwenda! Pole pole, hatua mbili mbele, moja nyuma, halafu nyingine nyuma yenye haikuwa katika mupango, anatazama kushoto, anatazama kuume, anasalimia watu kama bibi harusi. Korali wakamaliza wimbo, wakaanza tena. Nyuma yangu Laure alikuwa ananguruma kwa sababu ya kuku. Minye nilikuwa wa pili, na kusema kweli, wa pili anaona mambo yenye wa kwanza haoni. Nilimuona Clémentine shingo yake ilivyonyooka.

Akafika kwa altare. Padri Jimmy akanyoosha mikono, akashika sahani ya mukate. Clémentine hakuachilia.

“Mama,” padri akanong’ona, “achilia.”

“Ngoja kidogo, padri. Sijatazama vizuri.”

Na padri akangoja. Wote wawili wameshika sahani. Clémentine akatazama altare, mishumaa, maua, kitambaa cheupe, kila kitu, kama mutu anayekagua nyumba kabla ya kuhamia. Halafu akaachilia, akainama, akarudi.

Nikafikiri basi imekwisha, mwezi wa munane nitarudi mahali pangu. Ijumaa nikamuuliza Édouard nani anabadilishana na nani.

“Laure na mwenye kuwa mbele yake,” akasema. “Kule nyuma.”

“Na Clémentine?”

“Clémentine anabaki mbele.”

“Tena? Mara mbili kufuatana?”

“Ameshafika pembeni, hana pa kwenda. Wengine wanageuka nyuma, mwezi wa tisa njo anaanza kurudi. Anakupa nafasi.”

“Édouard, hii nimero ulisema ni ya haki!”

“Haki yake ni ndefu, mama. Inataka uvumilivu.”

Siku ile hata bukari sikupika. Alikula ndizi.

Basi Clémentine akatangulia mara ya pili, kwa hatua nzuri sasa, bila kungoja mutu. Na Jumamosi iliyofuata nikasikia gari inasimama mbele ya nyumba yake. Cédrick. Nilikuwa kwenye kiwanja, natwanga sombe, majani ya muhogo. Sikuinuka. Niliona anatoa mizigo ya mama yake, kapu, godoro lililokunjwa, kiti chake cha kuuzia samaki. Kila kitu kilichotoka, nilitwanga kwa nguvu zaidi. Édouard akaniambia, “Mama, hayo majani yamekwisha kufa.” Nikamwambia anyamaze.

Clémentine akaja na mutoto wake kuniaga. Amevaa kikwembe cha safari.

“Yaya, Cédrick amefika. Anasema amengoja kutosha.”

“Naona.”

“Gari iko nzuri.”

“Naona gari.”

Cédrick ni kijana mwenye adabu, akainama kunisalimu. “Mama Angèle, mumwambie asiogope. Kule tuko na maji ndani ya nyumba. Hata kubeba ndoo hatabeba.”

“Enda basi,” nikamwambia Clémentine, macho kwenye kinu. “Nani anakukataza?”

Neno lingine nilikuwa nalo, lakini nilitwanga tu. Clémentine akageukia Édouard kwenye kiti chake.

“Papa Édouard, kila mama anapata mbele mara ngapi?”

“Mia saba na makumi mbili.”

“Minye nilisha kupita mara mbili. Imebaki ngapi?”

“Mia saba na kumi na munane.”

Clémentine akaweka kibeti chake chini. “Umesikia, Cédrick?”

“Nimesikia nini, mama?”

“Hapa niko na mara mia saba na kumi na munane za kutangulia. Zangu. Padri anajua, yaya aliapa. Lubumbashi kuna mutu atanipa ngapi?”

“Mama! Hizo utazimaliza na miguu gani? Hata ukitangulia kila mwezi, ni miaka makumi sita!”

Édouard akainua kidole: “Karibu. Karibu sana na makumi sita.”

“Hilo si neno lako,” akasema Clémentine. “Nikikufa, bibi yako uliyeoa atashika nafasi yangu. Mwambie aanze kujifunza kucheza.”

Cédrick akanitazama minye, kama mutu anayetafuta mukubwa wa kumusaidia. Nikamwambia, “Mutoto, usiwapeleke wazee mbio. Tuko kwenye kazi. Keti, sombe inaiva.”

Akaketi. Alikula vizuri, kijana huyu, na gari lake likarudi Lubumbashi na gunia la makala tu ndani yake. Mizigo ya mama yake tuliirudisha nyumbani kabla ya jua kushuka. Minye njo nilibeba godoro. Nilikuwa karibu nalo, njo sababu, hakuna sababu ingine.